DAKTARI WA JICHO MOJA ALIYEAZIMA MACHO YA WENGI
(Maisha ya Denis Burkitt, 1911–1993)

Mpenzi msomaji, katika majarida ya shule tumezoea kusoma maisha ya mashujaa. Tumewasoma wapiganaji wa msituni, wafalme wa kale na wakimbiaji wetu wa mbio ndefu. Mwaka huu naomba niwaletee shujaa wa kalamu na bahasha. Huyu ni Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji wa Hospitali ya Mulago kule Uganda. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa alioufanya ujulikane duniani ni saratani ya watoto, tena watoto wa Afrika Mashariki. Pili, katika ramani ya ugonjwa huo sisi wa Nyeri tuna mahali petu, na mahali penyewe panashangaza. Vuta subira, tutafika.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya aliyesimamia barabara na madaraja. Mzee huyo alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara. Aliwakamata ndege wadogo wa bustanini, akawavisha pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anamiliki eneo gani. Kumbuka jambo hilo la ramani, kwa maana maji hufuata mkondo.

Denis alipokuwa na umri wa miaka 11 alipatwa na msiba. Watoto walirushiana mawe, na jiwe moja likampiga usoni na kuvunja miwani yake. Vipande vya kioo vikamwingia jichoni, na jicho lake la kulia likaondolewa. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake aliona kwa jicho moja tu.

Alipokua alijiunga na chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama babake. Huko akabadili nia na kuingia udaktari, akahitimu mwaka wa 1935. Mwaka wa 1938 akafaulu mtihani wa wapasuaji kule Edinburgh. Alikuwa Mkristo wa dhati na moyo wake ulitamani kuja kufanya kazi Afrika. Akaomba kazi katika serikali ya kikoloni. Wakamkataa! Sababu? Ati mtu wa jicho moja hafai kutumwa Afrika. Hebu fikiria, wenzangu. Angekata tamaa hapo, habari hii nisingeiandika.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka aliingia jeshini kama daktari, na jeshi hilo ndilo lililomleta Afrika Mashariki. Alihudumu Kenya na Somalia kabla ya kupelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Kenya haikuwa nchi ngeni kwa ukoo wao, maana ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa miaka mingi Nairobi. Vita vilipokwisha akaomba kazi tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka wa 1946 akafika Lira, kaskazini mwa Uganda, akiwa mpasuaji katika wilaya kubwa ya Lango.

Huko Lira ndiko tabia ya babake ilipoanza kujitokeza. Burkitt aliona kwamba wanaume wengi walisumbuliwa na ugonjwa wa busha, lakini si kila mahali. Mashariki mwa wilaya ulikuwa mwingi mno, na magharibi ulikuwa nadra sana. Daktari mwingine angepasua tu na kuita mgonjwa anayefuata. Yeye alijiuliza swali moja dogo: kwa nini kule na si huku? Akahesabu, akachora, na mwaka wa 1951 akachapisha makala katika jarida la udaktari la Lancet, London. Baadaye ilijulikana kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu. Swali hilo la wapi ndilo lililomwongoza maisha yake yote.

Kufikia mwaka wa 1948 alikuwa amehamishiwa Mulago, Kampala. Sasa tufike mwaka wa 1957, mwaka uliobadili kila kitu. Siku moja Daktari Hugh Trowell, mtaalamu wa magonjwa ya watoto, alimwita wodini amtazame mvulana mdogo. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika kabisa. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Kama ungekuwa usaha, mbona uwe pande zote nne kwa pamoja? Na kama ni saratani, mbona nayo ifanye hivyo? Hakuwa na jibu. Alipiga picha, akaandika kumbukumbu, na mambo yakaishia hapo.

Wiki chache baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Alipotupa macho nje ya dirisha akamwona mtoto ameketi nyasini na mamake, na uso wake umevimba vilevile. Alitoka mbio akamchunguza, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo ndipo wazo lilipompiga kama umeme. Jambo likitokea mara moja ni ajabu. Likitokea mara mbili, huenda ni kawaida ambayo hakuna aliyeiangalia.

Akarudi Kampala akafungua mafaili ya zamani. Daktari J.N.P. Davies alikuwa ameweka daftari zuri la saratani zote zilizoonekana Kampala. Kumbe watoto hao walikuwa wengi! Ila mwenye uvimbe wa taya aliandikwa chini ya taya, mwenye wa figo chini ya figo, mwenye wa ini chini ya ini. Ugonjwa mmoja ulikuwa umepewa majina mengi kwa sababu kila daktari alitazama kiungo chake tu. Burkitt akaunganisha. Mwaka wa 1958 akachapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38 wenye uvimbe wa taya.

Ungefikiri dunia ilisimama kusikiliza. La hasha! Makala hayo hayakushtua watu wengi. Lakini palikuwa na mtu mmoja Mulago aliyekuwa akitazama ugonjwa huohuo kwa njia nyingine, naye ni Mmarekani Gregory O'Conor. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vipande vya nyama ya wagonjwa kwa hadubini. Ni yeye aliyeonyesha kwamba uvimbe wote huo, uwe tayani au tumboni, ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe zinazopigana na maradhi mwilini. Mwaka wa 1961 walichapisha pamoja, mmoja akieleza mgonjwa kitandani na mwenzake akieleza kinachoonekana chini ya kioo. Ugonjwa ukaitwa limfoma ya Burkitt. Mimi naona jina la O'Conor lingeweza kukaa hapo pia bila mtu kulalamika.

Sasa swali lile la Lira likarudi: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Burkitt hakuwa na fedha za maana. Kwa pesa kidogo sana alizopewa alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Fikiria hospitali za misheni za aina ya tunazozijua hapa mlimani, kama Tumutumu, Mathari au Chogoria. Swali lilikuwa rahisi: je, mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Majibu yalipoanza kurudi alitundika ramani ya Afrika ukutani na kuiwekea alama. Polepole ukanda ukajitokeza, ukikata katikati ya bara kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ukishuka pwani ya mashariki kuelekea kusini.

Hapa nataka tutue kidogo. Waliojibu ndiyo walimsaidia, hilo kila mtu analiona. Lakini waliojibu hapana walimsaidia vilevile. Bila wao ukanda usingekuwa na ukingo. Daktari aliyekaa nyanda za juu, akaandika kwamba hajawahi kuona mtoto wa aina hiyo, huenda alidhani anapoteza stempu. Kumbe alikuwa anachora mstari.

Ili kuujua ukingo huo vizuri, Burkitt aliamua kwenda mwenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Gari lao lilikuwa Ford kuukuu la mwaka wa 1954, na bahati nzuri Williams alijua sana ufundi wa magari. Kwa wiki 10 walizunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakasafiri maili 10,000 hivi, yaani kilomita 16,000. Si mchezo! Kila hospitali walitoa picha zao na kuuliza swali lilelile. Mwaka uliofuata Burkitt alichapisha habari za msafara huo katika jarida la saratani la Uingereza.

Walichogundua ni hiki. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi, yaani karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyoteremka kusini, kikomo hicho kilishuka, hata huko mbali kusini ulipatikana mabondeni karibu na bahari tu. Mwanzoni Burkitt alidhani ni mwinuko wenyewe unaozuia. Profesa Alexander Haddow, wa taasisi ya virusi ya Entebbe, alipoitazama ramani hiyo akaona jambo jingine. Alikuwa mtaalamu wa mbu, na akatambua kwamba mpaka ule ni wa joto na mvua. Mahali penye baridi ya chini ya nyuzi 16 hivi, au pakavu mno, ugonjwa haupo. Mwinuko ulikuwa kivuli cha baridi tu.

Sasa ndugu msomaji, tumefika nyumbani. Ikweta inapita Nanyuki, kwa hiyo kanuni ile ya karibu na ikweta inatuhusu moja kwa moja. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya bahari, na Nanyuki uko juu zaidi. Tuko upande wa baridi wa mpaka. Lakini panda matatu hapa Nyeri asubuhi ya Julai, ukiwa umevaa sweta mbili. Pita Karatina, teremka hadi Sagana, kisha ushike barabara ya Mwea kuelekea Embu. Ukifika kwenye mashamba ya mpunga sweta zote ziko mapajani. Pale Mwea ni mita 1,200 hivi, na kila mtu anajua habari za mbu wa Mwea. Kwa saa chache tu umeuvuka mstari ambao Burkitt aliutafuta kwa maili 10,000. Sisi huulalamikia ubaridi wa Julai, hasa tunaotembea kwenda shule alfajiri. Kumbe ubaridi huohuo ni ukuta.

Ukuta wa kuzuia nini? Mbu na malaria. Mwanasayansi Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyefanya utafiti hapa Kenya, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba limfoma hii huonekana mahali malaria ni nyingi na ya mwaka mzima. Malaria ya mara kwa mara huchosha kinga ya mtoto. Lakini malaria peke yake haikutosha kuwa jibu, maana watoto wengi huugua malaria na wachache sana hupata saratani hii. Lazima palikuwa na mwenzake.

Mwenzake huyo alipatikana London. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya msafara ule, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba kuna saratani inayofuata joto na mvua, aliwaza papo hapo kwamba huenda kuna virusi ndani yake. Wakapatana. Burkitt akawa anatuma vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alitazama na hakuona kitu.

Halafu tarehe 5 Desemba 1963 ukungu ulifunika London, na ndege iliyobeba kipande ikageuzwa hadi Manchester. Kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka, kana kwamba kimeoza. Mtu mwingine angekitupa. Epstein alichukua tone akalitazama, akakuta chembe hai za saratani zikielea. Chembe hizo zikakuzwa, na mwanzoni mwa 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Makala yalitoka katika Lancet tarehe 28 Machi 1964 yakiwa na majina matatu: Epstein, Bert Achong mzaliwa wa Trinidad, na Yvonne Barr wa Ayalandi. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr mpaka leo. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Watu wengi duniani tunavyo mwilini, hata sisi wa Nyeri, wala havitudhuru. Vikikutana na malaria ya kila mara katika mwili wa mtoto ndipo hatari huanza. Baadaye Mfaransa Guy de Thé na wenzake walipima damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile, Uganda, na mwaka wa 1978 wakathibitisha uhusiano huo.

Je, watoto wenyewe? Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu ramani haiponyi mtu. Upasuaji haukufaa kitu, kwani uvimbe ulirudi upesi. Mashine ya mionzi haikuwepo Uganda. Zilibaki dawa. Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa New York walileta dawa mpya za saratani, Burkitt akawapa watoto Kampala, na Daktari Peter Clifford akawatibu wengine Nairobi, katika hospitali ambayo leo ni ya Kitaifa ya Kenyatta. Nyuso zilizoumuka zilipungua kwa siku chache tu. Si wote waliopona, lakini wengine walipona kabisa kwa dawa kidogo mno. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba dawa haziwezi kuiponya saratani. Watoto wa Afrika Mashariki walisaidia kuonyesha kwamba inawezekana.

Waafrika nao waliandika. Mwaka wa 1967 Burkitt alichapisha makala pamoja na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji wa Uganda, kuhusu wagonjwa ambao uvimbe wao ulitoweka wenyewe. Mwaka huohuo Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa pale Mulago, ikianza na matibabu ya limfoma hii. Mwaka wa 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani ilitolewa kwa waliosaidia kutibu saratani kwa dawa, Burkitt akiwemo, na kati yao alikuwa Mkameruni Victor Anomah Ngu.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966, lakini hakuacha bahasha zake. Aliendelea kuandikia hospitali za misheni, sasa akiuliza kwa nini wanakijiji wa Afrika hawapati magonjwa ya utumbo yaliyojaa Ulaya. Akisaidiana na Trowell yuleyule, na wenzake Alec Walker na Neil Painter, alitangaza kwamba jawabu moja ni makapi ya chakula. Watu wa Ulaya walikuwa wamekoboa nafaka zao mno. Kwa hiyo mwenzangu unayecheka sahani ya githeri na kutamani mkate mweupe, ujue kwamba mpasuaji mashuhuri alizunguka dunia akisifu vyakula vya aina hiyo. Alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Tunajifunza nini? Ukiyasoma makala yake moja baada ya jingine, ni nadra kumkuta peke yake njiani. Yuko na O'Conor mwenye hadubini, Williams mwenye spana, Haddow mwenye mbu, Epstein mwenye virusi, Clifford wa Nairobi na Kyalwazi wa Mulago. Alikuwa na jicho moja, naye akaazima macho ya wengi. Wengine hawakuandikwa popote: wauguzi waliojaza karatasi zile, mama wa Jinja aliyekaa nyasini, na mtoto wake. Kwa maoni yangu hao nao ni waandishi wa makala yale.

Ugonjwa huu bado upo katika sehemu zenye malaria, pamoja na kando ya Ziwa Viktoria. Hutibika mtoto akifikishwa hospitali mapema, na wengi bado hufikishwa wakiwa wamechelewa. Basi ukiwa na shangazi au binamu kule kwenye joto, na ukasikia mtoto amevimba taya ghafla, usiseme ni jino. Sema apelekwe kwa daktari, leo si kesho. Na ukiulizwa swali na mtafiti, hata kama jibu lako ni hapana, liandike na ulitume. Kidole kimoja hakivunji chawa.